Konzi Niliyompiga Buda wa Shaba

Ninyi vijana mnaopita hapa kwangu Makomeno, Lubumbashi, kuniaga kabla ya kupanda ndege kwenda kusoma Asia, huwa mnaniuliza mambo mawili tu: baridi ya kule ikoje, na chakula chao kikoje. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza namna ya kuingia katika nyumba ya ibada ya watu wengine. Siwalaumu. Mimi pia sikuuliza, na ndiyo maana leo nina kisa cha kuwasimulia. Msinichukulie kama mwalimu. Mimi ni mtu aliyetumbukia shimoni, na sasa anawaonyesha shimo liko wapi.

Nilifanya kazi miaka ishirini na saba katika fonderi, ile karakana ya kuyeyusha na kusubu shaba, wakati nchi hii ikiitwa Zaire na sisi sote tukiitwa raia badala ya bwana na bibi. Fundi wangu alikuwa Papa Kisimba, mtu mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto na kichwa alichokiinamisha upande mmoja kila ulipomsemesha. Sisi vijana tulidhani anaringa. Ilituchukua miaka kuelewa kwamba sikio la upande wa pili lilikuwa limeshachoka na kelele za nyundo.

Lakini sikio lililobaki lilikuwa na maajabu. Kitu kikitoka kwenye kalibu, lile umbo tunalomiminia shaba, na kupoa, Papa Kisimba hakukitazama. Alikipiga konzi, kwa vifundo vya vidole, kisha akasikiliza. Kikiwa kizima kiliimba. Kikiwa na ufa au uwazi ndani, kilikohoa tu, na yeye alikitupa pembeni kikayeyushwe tena. Alitwambia, “Macho iko inadanganya. Uulize kintu yenyewe, itakujibu.” Alitufunika macho kwa kitambaa, akatupanga mbele ya vyuma kumi, na kila aliyekosea alipigwa konzi ile ile kichwani. Mimi kichwa changu kilisomeshwa sana.

Shida ni kwamba fundisho la namna hiyo halibaki kazini. Likishaingia vidoleni linakwenda na wewe kila mahali. Nilipoenda Naviundu kujitambulisha kwa wazazi wa yule ambaye baadaye alikuwa mama wa watoto wangu, mama mkwe alileta bukari, ugali wetu, ndani ya sufuria yake nzuri kuliko zote, ile ya wageni. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshaipiga konzi, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasema kwamba ina ufa karibu na mshikio. Ni kweli ilikuwa na ufa. Lakini posa yangu ilikaa miezi minne bila jibu, na hadi mama yule anatutoka alikuwa ananiita mukaguzi. Kumbukeni hili la sufuria, maana lingenitosha kuwa onyo, na halikutosha.

Sasa, tatizo lililonipeleka Asia. Fonderi yetu ilisubu magurudumu ya pampu, yale yanayozunguka ndani ya pampu na kutoa maji chini mgodini. Mwaka mmoja magurudumu yetu yalianza kutoka na matundu madogo madogo, kama yaliyotobolewa kwa sindano. Ukiyafunga kwenye pampu yanaliwa na maji, na baada ya wiki chache yamekwisha. Tulibadilisha mchanga, tukabadilisha bati tulilochanganya na shaba, tukalaumiana. Matundu yaliendelea. Mwishowe wakubwa wakasema: wawili wataenda Japani kujifunza miezi tisa. Wakirudi na matundu yakiendelea, fonderi itafungwa, magurudumu yatanunuliwa ng’ambo, na Papa Kisimba atarudishwa nyumbani kama mtu aliyeharibu pampu za mgodi.

Hilo la mwisho ndilo lililotuuma. Mzee aliyetufundisha sote, kuondoka na jina la namna ile. Siku ya kuondoka alinishika mkono uwanja wa ndege, akainamisha kichwa chake upande ule, akasema, “Mutoto, mie sina kitu ingine. Ni fonderi tu. Urudi na dawa ya ile matundu.” Nilimwahidi. Nilikuwa kijana, na kuahidi kulikuwa rahisi.

Mwenzangu wa safari aliitwa Mukendi, mtu wa Kasai, fundi wa tanuru, msomi kunishinda, Mkristo wa kanisa la Jumapili asubuhi na Jumatano jioni. Tulishonewa abakosi mpya, ule mshono usio na tai wa enzi zile, na mwakilishi wa Chama, kile kimoja kilichotawala, akatupa mawaidha marefu. La msingi lilikuwa hili: mkifika kule msiiaibishe nchi, mkiulizwa habari za kazi yetu semeni kila kitu kiko sawa. Mukendi aliliandika kwenye daftari. Mimi nililiweka moyoni, na huko ndiko lilikofanya uharibifu.

Kwa maana tulipofika, tulipelekwa kwa fundi mkuu mmoja mzee, Bwana Hamada, mwenye karakana ya kusubu shaba waliyoirithi kizazi kwa kizazi katika mji mmoja wa kale. Mkalimani wetu, Bwana Ono, alikuwa amejifunza Kifaransa vitabuni, kwa hiyo alizungumza kama barua ya serikali. Swali la kwanza la Bwana Hamada lilikuwa: kazi yenu huko kwenu ina shida gani? Mimi, raia mwema, nikanyoosha kifua na kujibu kwamba haina shida yoyote, kila kitu kiko sawa, tumekuja kung’arisha tu kile tunachokijua. Bwana Ono akatafsiri. Bwana Hamada akaitikia kwa kichwa, akaenda pembeni, akarudi na ufagio, akanipa.

Nilifagia mchanga miezi mitatu. Nilikasirika kimyakimya. Nilijiambia kwamba hawa watu wana siri na hawataki kuitoa kwa mtu mweusi. Haikuniingia akilini hata siku moja kwamba mtu asiye na shida hapewi dawa. Mukendi yeye aliwekwa kwenye tanuru, akawa anaandika daftari la pili. Mwezi wa nne Bwana Hamada alinitazama nikifagia, akachukua ufagio, akanionyesha namna ya kukanda udongo wa kalibu. Nikaona mlango umeanza kufunguka. Kalibu zenyewe, hata hivyo, walikuwa wakizitengeneza halafu wanazipeleka chumba cha nyuma ambako mimi sikuruhusiwa kuingia.

Ndipo ukaja mwaliko. Katika mji ule kulikuwa na hekalu la Kibudha la zamani sana, la mbao zilizokwishakuwa nyeusi, na ndani yake ukumbi wa ndani unaofunguliwa siku moja tu kwa mwaka kwa familia zilizolihudumia hekalu. Familia ya Bwana Hamada ilikuwa mojawapo. Mwaka ule alituombea ruhusa mimi na Mukendi. Bwana Ono alitueleza mara mbili ili tusidhani ni matembezi: mtu anayeleta mgeni katika ukumbi ule anasimama badala yake, na mgeni akikosea, aliyekosea ni mwenyeji.

Mukendi alikataa. Jioni ile, kwenye chumba chetu, alikaa kitandani na Biblia yake akasema, “Mie niko mukristu, ndugu yangu. Siwezi kuinamia sanamu ya bantu bengine.”

Nikamuuliza: kule kwetu, kila asubuhi kabla ya kazi, tulipopangwa mistari uani kiwandani kuimba na kuchezea Chama na kiuno kikikatika, ile aliiita nini? Kesho yake alimuuliza Bwana Ono kama ni lazima kuabudu. Bwana Ono akajibu kwamba hakuna atakayemwomba mgeni aabudu, na kwamba hata Buda mwenyewe hawamhesabu kama Muumba wa mbingu na nchi. Tunaombwa tuwe wageni wazuri, basi. Mukendi akasema basi atainamisha kichwa kama anavyofanya mbele ya mzee wa ukoo, na moyoni atasema zaburi yake. Nawaambia vijana, sijapata kusikia jibu bora kuliko hilo kwa mtu mwenye dini yake anayekwenda kwenye nyumba ya dini nyingine.

Bwana Ono akatufundisha. Viatu mnavua nje, na mnavigeuza ncha zitazame mlikotoka. Kizingiti hakikanyagwi, kinavukwa. Mnapokaa, miguu isinyooshwe kuelekea sanamu. Ukitaka kuonyesha kitu, onyesha kwa kiganja kilichofunguliwa, usinyooshe kidole. Ukiwasha ubani, mwali wake unauzima kwa kupepea mkono, haupulizwi kwa mdomo. Picha hapana. Sauti chini. Tena msiguse kitu. Mukendi aliandika yote. Mimi niliandika yote isipokuwa la mwisho, kwa sababu nilijiona mtu mzima ambaye hahitaji kuambiwa asiguseguse vitu vya watu.

Siku ikafika. Nilivaa abakosi yangu, nikapiga viatu rangi hadi ukiinama unajiona. Niliangalia kila kitu ila kile ambacho kingeonekana. Tulipovua viatu mbele ya ngazi, kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilikuwa nje ya soksi, chote, kikiangalia dunia. Watu wazima waliovaa mavazi yao ya heshima walitazama kile kidole kisha wakatazama pembeni kwa adabu, na adabu yao iliniumiza kuliko kicheko. Nilitembea nimekikunja, kwa hiyo niliingia hekaluni nikichechemea kama mzee wa vita.

Ukumbi wa nje ulikuwa na watu wachache na harufu ya ubani. Tukavuka kizingiti, tukapita pazia zito, tukaingia ndani. Mwanga ulikuwa mdogo, mishumaa tu. Mbele yetu, juu ya jukwaa, alikaa Buda wa shaba, mkubwa kama watu watatu, mkono mmoja umeinuliwa. Nawaambieni ukweli: nilisahau dini, nilisahau soksi. Nilimwona kwa macho ya fonderi. Niliwaza, kazi hii ilimiminwa lini, kwa matanuru gani, na walizuiaje hewa isibaki mabegani. Hakukuwa na tundu hata moja usoni pake. Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya ibada, yalikuwa ya wivu.

Tulipiga magoti tukakalia visigino, watawa wakasoma sala zao muda mrefu. Suruali ya abakosi haikushonwa kwa ajili ya kupiga magoti. Fundi wa Naviundu aliyenishonea aliwaza dansi. Sala ilipokwisha miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili. Wenzangu walisimama wakaanza kuzunguka polepole nyuma ya sanamu, kama desturi yao ilivyo. Mimi nilijikokota, nikabaki wa mwisho. Hivyo nilifika nyuma ya Buda nikiwa peke yangu, na kule nyuma njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mgongo wake ulikuwa karibu nami kama ukuta.

Pale chini, kwenye upindo wa vazi lake, niliona kipande chenye rangi tofauti kidogo. Shaba mpya iliyosubiwa ikaungana na shaba ya kale. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusubu kitu kizima. Kwetu tulijaribu mara nyingi, na kiungo kilijaa matundu kila mara. Nilisogea nitazame. Sikuona tundu. Na macho, kama mnavyojua, iko inadanganya.

Sikukusudia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilimpiga Buda konzi.

Alilia kama kengele. Sauti ilizunguka ukumbi mzima, ikapanda kwenye mbao za dari, ikashuka, ikarudi, na kila nilipodhani imekwisha ilikuwa bado ipo. Nilipotoka nyuma ya sanamu, watu wote walikuwa wamesimama wakiniangalia. Mukendi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtawa mkuu, mzee mwembamba mwenye masikio mapana, alisema maneno machache kwa sauti ya chini sana, na sikuhitaji Bwana Ono anitafsirie.

Kisha Bwana Hamada alipiga magoti mbele ya mtawa yule na kushusha paji la uso wake mpaka sakafuni. Alikaa hivyo. Mtu mwenye mvi, fundi wa mafundi, uso wake uko juu ya mbao kwa ajili ya vidole vyangu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani, na nimewahi kukosea mambo mengi.

Tukiwa njiani kurudi, Mukendi alitembea mbele yangu bila kunigeukia. Mwishoni alisema, “Miezi tatu ulifagia. Sasa ulifagia na kazi ya Papa Kisimba. Tutamuambia nini ule muzee?” Asubuhi yake, mahali pangu pa kukandia udongo, palikuwa pameegemezwa ufagio.

Nilifagia siku nne. Bwana Hamada hakunifokea. Alinipita kama anavyopita mtu karibu na nguzo. Siku ya nne nikasema basi, kwetu mtu akimkosea mzee hakai na kosa ndani ya nyumba. Nyumbani nilifundishwa hivi: huendi kuomba radhi na mdomo mtupu. Unakwenda na kuku, unapiga magoti, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, unasema kosa lako kwa jina. Mzee akimpokea yule kuku, neno limekwisha, na hakuna atakayelifufua. Asipompokea, bado una deni la moyo. Kwa hiyo nilihitaji kuku.

Nyuma ya bweni letu palikuwa na bibi mmoja mkulima aliyefuga. Sikujua lugha yake, yeye hakujua yangu, lakini nilipompigia mabawa kwa viwiko na kuwika mara moja, alielewa na akacheka hadi akakaa chini. Nilipata jogoo mweupe, mzuri, mwenye hasira. Nilimfunga miguu, nikamtia kwenye mfuko wangu wa safari kichwa kikiwa nje, nikamwomba Bwana Ono anisindikize hekaluni kuomba radhi. Alifurahi sana kusikia naomba radhi. Nilipofungua mfuko mbele ya lango, na mtawa mkuu ameshatoka kutupokea, Bwana Ono akawa mweupe kama jogoo.

Nilipiga magoti kwenye kokoto. Nilipiga makofi kama mama yangu alivyonifundisha. Nilisema: mimi ndiye niliyegonga, Bwana Hamada hana kosa. Kisha nikamwinua jogoo kwa mikono miwili.

Bwana Ono aliniinamia sikioni na Kifaransa chake cha barua, akanieleza kwamba watawa hawa hawachinji kiumbe chochote, hawali nyama, na kwamba nimemletea mtu mtakatifu kitoweo. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na jogoo wangu. Lakini nilikuwa nimeshainua mikono, na kwetu mikono ikishainuka haishuki na kuku. Nikamwomba aeleze desturi yetu yote, tangu magoti hadi makofi. Alieleza. Mtawa alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: akimpokea huyu, ni lazima amle?

Nikasema hapana, kuku ni wa yule aliyempokea. Akitaka amfuge mpaka afe kwa uzee.

Mtawa akanyoosha mikono na kumpokea. Alimshika vibaya, kwa bawa moja, na jogoo akamkwaruza kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Nikaruka, nikamwonyesha: kiganja chini ya kifua, mabawa yabanwe na mkono, hivi. Akajaribu tena. Jogoo akatulia. Tulisimama pale, vichwa vyetu viwili karibu, tukimshika ndege mmoja, na nilijua nimesamehewa kabla mtu yeyote hajanitafsiria.

Alituma mtu amwite Bwana Hamada. Alikuja na nguo zake za kazi, uso umefungwa, akamkuta mtawa mkuu wa hekalu la kale amekumbatia jogoo. Alitazama jogoo, akanitazama mimi, na akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yake yalitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Alipomaliza alikaa kwenye ngazi, akaniuliza kwa nini niligonga. Nikamweleza habari za Papa Kisimba, sikio lake, vitambaa vya macho, hata sufuria ya mama mkwe. Akauliza: na pale ulipogonga, ulisikia nini? Bwana Ono, kabla ya kutafsiri swali, aliongeza kwa sauti ndogo kwamba kile kipande kilisubiwa na babu yake Bwana Hamada.

Hapo niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshachoka kusema kila kitu kiko sawa. Nikamwambia, “Pale pamejaa. Hakuna tundu. Tangu nizaliwe sijasikia kiungo kilichofunga namna ile. Sisi kwetu hakifungi. Magurudumu yetu ya pampu yana matundu, hatujui kwa nini, na mzee wangu atafukuzwa kwa ajili yake. Siku ya kwanza nilikudanganya. Nisaidie.”

Bwana Ono alitafsiri polepole. Bwana Hamada aliweka mikono juu ya magoti. Halafu akasema kwamba yeye amefagia ukumbi ule tangu ujana wake, na kila mwaka alipofika nyuma, mbele ya kipande cha babu yake, alitamani kugonga. Hakuthubutu hata mara moja. Akaniambia kesho niuache ufagio.

Kesho yake alinifungulia chumba cha nyuma. Siri yenyewe, vijana, itawachekesha. Ilikuwa tanuri. Walizichoma kalibu zao kama watu wanavyochoma matofali, zikauke mpaka moyoni, kisha wakamimina shaba kalibu ikiwa bado na joto. Sisi kwetu tulikuwa tunamimina kwenye mchanga mbichi, msimu wa mvua, kwa haraka ya kufikisha tani za mwezi. Maji yaliyojificha kwenye mchanga yaligeuka mvuke, mvuke ukatafuta pa kutokea, ukatoboa shaba. Miezi mitatu nilifagia mchanga uliokauka kabisa, kila siku, na sikujiuliza kwa nini umekauka.

Miezi iliyobaki nilifanya kazi mpaka Mukendi akaniazima daftari lake. Na kila Jumapili nilikwenda hekaluni kumsalimia jogoo. Waliniambia huwika katikati ya sala na hakuna anayemfukuza. Ukumbi wa ndani sikuingia tena, wala sikuomba. Nilikaa ngazi za nje, na pale palinitosha.

Tuliporudi Lubumbashi, mvua zilikuwa zimeanza. Tukajenga tanuri ya matofali nyuma ya fonderi, tukachoma kalibu siku mbili, tukamimina. Wakubwa walisema watakuja kuangalia gurudumu la kwanza likipoa, na kila mtu alijua wanakuja kuangalia nini.

Kitu kimoja hakuna aliyeniandikia barua kunieleza. Katika miezi ile tisa sikio zuri la Papa Kisimba lilikuwa limekufa. Nilimkuta amekaa kwenye boksi lake mlangoni, nikamsalimia kutoka pembeni, na hakugeuka. Mkewe alimficha kwa wakubwa, vijana wa fonderi walimficha pia. Walimsemesha kwa mikono. Alipanga kuomba ruhusa ya kuondoka mwenyewe kabla hajaondolewa.

Gurudumu likapoa. Wakubwa wakasimama kwa mstari. Kila mtu akanitazama nigonge, na mimi nikamtazama Papa Kisimba. Alikuja taratibu, akapiga magoti kando ya gurudumu, akaweka viganja vyake vyote viwili juu yake, kisha akashusha kichwa mpaka paji la uso wake likagusa shaba. Nilikuwa nimemwona mzee mwingine amekaa hivyo hivyo. Akanipa ishara kwa kidole: gonga.

Nikagonga. Mimi nilisikia, sote tulisikia, liliimba mpaka kwenye mabati. Lakini nilikuwa namwangalia yeye. Aliendelea kuinama muda mrefu baada ya sauti kwisha, na alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. Akasema kwa nguvu, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti zao wenyewe, “Iko nzima. Iko nzima yote, mutoto.”

Hapo mkuu wa usalama kazini akanifokea mbele ya wakubwa wote, akiuliza ni mwendawazimu gani anayeingia fonderi bila viatu. Nikatazama chini. Sikumbuki nilivivua lini. Viatu vyangu vya kazi vilikuwa nje ya mlango, vimepangwa vizuri, ncha zikitazama nilikotoka, na mimi nimesimama kwenye mchanga kwa soksi, kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa nje, chote.